Malaba Gani?

Kwa miaka miwili nilikaa katika ofisi ya wilaya pale Busia nikipiga taipu barua za kuajiri watu wengine. Zote zilianza kwa kumwambia mtu kwamba tuna furaha kumjulisha ameteuliwa. Sentensi hiyo niliipiga mara nyingi mpaka vidole vikaizoea kuliko ulimi ulivyoizoea sala ya Baba Yetu. Furaha ilikuwa ya wengine. Mimi nilikuwa kibarua. Kila jioni niliweka sahihi kwenye daftari la vibarua, chini ya wakata nyasi na mzee wa kuteka maji, na kila asubuhi nilirudi nikiomba nisimkute mtu mwingine amekalia kiti changu.

Uhuru ulikuwa bado mchanga, na wilaya yetu yenyewe ilikuwa mpya, milango inanuka rangi. Watu walimiminika pale ofisini wakitafuta kazi tangu ukungu haujainuka. Walikuja kutoka Namboboto wakiwa na matope miguuni, walikuja kutoka Osieko wakinuka samaki, na hata taniboi wa malori aliyesimama kunywa chai alipita kuuliza kama sirikali inaandika leo. Nasema sirikali kwa sababu ndivyo walivyotamka, na ndivyo walivyowaza pia: nyumba moja yenye mlango mmoja, na ndani yake mtu mmoja mwenye kalamu. Ukiwaambia kwamba milango ni mingi, na kwamba ukibisha huu ule hausikii, walikutazama kama unayewaficha chakula.

Kaunsili, kwa mfano, ilikuwa na mlango wake. Huko hukuandika barua ya maombi. Ulimpigia kaunsila makofi kwenye mkutano, ulimpelekea kuku, na kama una bahati dada yako alikuwa ameolewa kwao. Forodha nayo haikuwa ya serikali yetu peke yake. Ilikuwa ya nchi tatu kwa pamoja, na mtu wa Tororo aliweza kusimama na sare kwenye kizuizi cha upande wetu bila mtu kumuuliza lolote. Ila forodha wakati huo walitaka vijana wa kiume wa kupanda juu ya malori, si mwanamke na mashine yake. Halafu kulikuwa na serikali kuu yenyewe, yenye fomu ya nakala tatu, barua ya chifu, tume iliyokaa mbali, na sharti kwamba uwe raia. Nilimwona mtu mzima wa Rukala aliyeandika maombi mazuri kabisa ya kazi ya forodha, akampelekea kaunsila wake. Kaunsila aliyapokea, akayakunja, akayatia mfukoni na kusema, "Nimeona." Yule mtu alingoja mwaka mzima. Kila nilipopita alikuwa kwenye benchi letu, akisema mambo yake yameshaonwa.

Niliwacheka. Lazima niseme hivyo mapema, ili msomaji asije akanihurumia bure. Niliwacheka wote, kwa sababu nilidhani mimi nilijua milango. Nilikuwa nimezipiga fomu hizo kwa mikono yangu, na nilijua ipi inakwenda wapi. Nilijikunja nyuma ya mashine yangu nikawatazama wakizunguka kama kuku waliokosa pa kulala.

Siku moja karani mkuu alikuja na karatasi, akasimama nyuma yangu, akaanza kunisomea. Karani mkuu alikuwa mtu mfupi mwenye kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandika na moja ya kuonekana. Alinisomea tangazo: nafasi moja ya mpiga taipu, ya kudumu, maombi yafike kabla ya mwisho wa mwezi. Nilipiga bila kuinua kichwa. Alipomaliza aliichomoa karatasi kwenye mashine, akaisoma, akasema, "Sasa mtu wa hii kazi akipatikana, wewe utatuachia mashine. Hatuwezi kuweka watu wawili."

"Na mimi je, mzee? Naweza kuomba?"

"Omba. Nani amekukataza kuomba?"

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nikiipata nafasi hiyo, nakuwa pamenenti. Hilo ndilo lilikuwa neno la miaka ile. Watu walilitamka kwa heshima kama wanataja daraja la upadri. Nikiikosa, naondoka siku yule mwingine anapofika, na pengine nitamfungulia mashine mwenyewe na kumwonyesha herufi inayokwama. Nilikuwa nimejifunza taipu kwa taabu, katika kibanda cha wakala mmoja wa mizigo pale Malaba, kwenye mashine iliyokosa herufi moja, na sikuwa na ufundi mwingine wowote isipokuwa jembe. Nyumbani, mama alikuwa ameshaanza kuwaambia watu kwamba mimi niko sirikali. Sikumsahihisha.

Nilichukua fomu, nikaijaza usiku huo katika chumba nilichopanga nyuma ya duka la Mwislamu mmoja wa vitambaa. Hapo ndipo nilipofanya kosa langu la kwanza, na nitalieleza, kwa sababu hakuna mtu wa Nairobi angeweza kulifanya.

Kwetu, mama hajifungui mimba ya kwanza nyumbani kwa mume. Anarudi kwa mama yake, anajifungua kwa mikono anayoiamini, ndipo anamrudisha mtoto kwa baba yake. Mama yangu alitoka ng'ambo ya mto. Mto wenyewe si kitu. Kiangazi maji hayafiki magotini, na ng'ombe wanavuka bila kujua kwamba wamebadilisha nchi. Kwa hiyo alipokaribia kujifungua alivuka, akaenda kwa nyanya, mama yake, na mimi, kifungua mimba, nikazaliwa huko. Wadogo zangu wote walizaliwa upande huu. Ukizunguka kijijini kwetu ukauliza, utakuta vifungua mimba nusu nzima walizaliwa ng'ambo namna hiyo, na hakuna aliyewahi kuliona hilo kuwa jambo.

Fomu iliuliza mahali pa kuzaliwa. Wamisionari walikuwa wamenifundisha kwamba fomu hujibiwa kwa ukweli, na mimi mjinga niliwaamini. Niliandika kwa mwandiko safi: Malaba, upande wa Uganda.

Karani mkuu hakunisubiri nifike mezani kwake. Alinisomea fomu yangu mlangoni, mbele ya benchi zima, kwa ile sauti aliyoitunza kwa ajili ya watu wasioweza kumjibu.

"Hii kazi ni ya raia," alisema. "Wewe ni mtu ya ng'ambo. Enda Tororo, uombe huko kwenu."

"Mzee, baba yangu ni wa hapa. Analipa kodi hapa."

"Fomu imeuliza baba yako? Imeuliza wewe umezaliwa wapi. Na umejibu vizuri sana." Akageukia benchi. "Mnaona? Miaka mbili tunakaa na mgeni hapa hatujui."

Benchi likacheka. Yule wa Rukala alicheka kuliko wote, na meno yake mawili ya mbele nayakumbuka hadi leo. Wanaume walikuwa na vipande vya kuonyesha, vile vitambulisho vya tangu mkoloni. Sisi wanawake wakati huo hatukuwa na kipande chochote, tulikuwa vile tulivyoandika kwenye karatasi. Na mimi nilikuwa nimejiandika mgeni kwa mkono wangu mwenyewe. Nilisikia hasira mpaka masikio yakawasha. Sikulia. Nililia kwenye basi la Jumamosi.

Basi hilo lilinifikisha mtoni, nikavuka kwenda kwa nyanya. Nyanya alikuwa mkunga wa upande ule, mwanamke mwembamba mwenye mikono mikubwa, na nyumbani kwake mimi sikuwa na kiti. Nilikaa chini karibu na mafiga, kama nilivyokaa tangu nijue kukaa, na viti vya wageni vilikuwa vya wageni. Nilimweleza yote. Nilitaka tu aniambie kama kuna mtu wa upande wetu anayeweza kuapa kwamba nilizaliwa huku kwa baba.

Nyanya alikuwa akimenya viazi. Aliuliza huyo karani ni mtoto wa nani. Nilimtajia ukoo na kijiji. Aliweka kisu chini akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyesahau kwamba ana umri.

"Yule?" alisema. Tulizungumza lugha yetu ya nyumbani, na naiandika hapa kwa Kiswahili. "Yule nimemtoa mimi. Hapo ulipokaa. Mama yake ni binti wa boma lile pale lenye migomba. Alitoka matako mbele, akatusumbua siku nzima. Kitovu chake kiko hapo nyuma ya nyumba, na chako kiko hatua tatu kutoka kwake."

Nilikuwa nikimwona karani mkuu na kalamu zake mbili, akitoka matako mbele katika nchi ya watu.

"Nitakwenda nawe Jumatatu," nyanya akasema. "Nikamsalimie mtoto wangu."

Jumatatu alivaa gomesi lake la kanisani, lile vazi refu la wanawake wa Uganda, akabeba kuku chini ya kwapa, na tukapanda basi. Pale ofisini benchi lilikuwa limejaa. Sikuwa nimemwambia afanye nini, na hata ningemwambia asingenisikiliza. Karani mkuu alipotoka na faili zake, nyanya alisimama katikati ya njia, akamwita kwa jina la utotoni. Sitaliandika hapa, lakini ni jina wanalopewa watoto waliochelewa kutoka, na lina maana ambayo mtu mwenye kalamu mbili hapendi isikike.

"Mwanangu!" akasema kwa sauti ya sokoni. "Kumbe ni wewe! Na hivyo ulivyonitesa siku ile! Mbona hurudi kusalimia kule ulikozaliwa?"

Sijawahi kuona mtu mfupi akizidi kuwa mfupi namna ile. Alichukua kuku, akamshika nyanya mkono, akatuingiza ndani na kufunga mlango. Kuku alipiga kelele mezani juu ya faili za serikali, na karani mkuu, ambaye hakuwahi kunipa hata kiti, alimpa nyanya kiti chake mwenyewe.

"Mama," alimwambia nyanya kwa upole wa kuchukiza, "hii mambo ya kuzaliwa si ya kuongea pale nje." Kisha akanigeukia. "Na wewe, nani alikuambia uandike mengi? Umezaliwa wapi?"

"Malaba."

"Basi. Andika Malaba. Malaba si iko huku? Na huko pia si iko Malaba? Fomu haiulizi Malaba gani. Ukiweka nukta hapo, umesema uongo?"

Alifungua droo akatoa fomu mpya, nakala tatu, na katika kutoa nikaiona karatasi ya zamani iliyokuwa juu ya karatasi zake, nakala ya fomu yake mwenyewe. Mahali pa kuzaliwa: Busia. Hakuwa ameridhika hata na Malaba. Alikuwa amejisogeza kilomita nyingi mpaka mlangoni pa ofisi, kwa usalama. Nilimdharau siku ile kwa dharau safi, iliyoshiba. Mtu aliyemkana mwanamke aliyemtoa tumboni, ili aketi kwenye kiti cha mbao na kuwacheka wengine. Niliondoka na fomu yangu nikijisemea kwamba mimi singekuwa hivyo kamwe.

Niliandika Malaba. Niliweka nukta.

Nyanya hakujua kusoma. Kwenye basi aliniuliza nimeandika nini, nikamwambia, "Nimeandika Malaba." Aliridhika sana. "Vizuri," alisema. "Nyumba yangu imeingia kwenye barua ya sirikali."

Siku ya intavyu alisisitiza kuja tena, eti karani asije akasahau. Nilimkataza nikashindwa. Alikaa nje kwenye benchi na kifurushi cha viazi vya kuchemsha, akisalimia kila mtu kwa zile salamu ndefu za ng'ambo, za kuuliza hali ya nyumba, hali ya mifugo, hali ya safari, huku mtu akiitikia kwa kuguna. Joto lilikuwa kali na dirisha la chumba cha intavyu liliachwa wazi. Kutoka nilipokaa niliona kilemba chake.

Mezani walikuwa watatu: karani mkuu, na mabwana wawili kutoka mkoani wenye suti za kufanana. Walinipa barua nipige, nikaipiga bila kosa hata moja. Waliniuliza faili hupangwaje, nikawaeleza. Mmoja wao, mwenye miwani, alikuwa ameshaanza kufunga karatasi zangu, halafu akatazama tena.

"Umezaliwa Malaba."

"Ndiyo, bwana."

"Malaba gani?"

Karani mkuu aligundua ghafla kwamba dari ina jambo la kutazamwa. Alilitazama kwa makini. Mimi nilifikiria mashine yangu, na herufi inayokwama, na mama yangu na maneno yake kwa majirani.

"Hii," nikasema. "Ya huku kwetu."

"Yule mama mwenye gomesi hapo nje," yule bwana akasema, "nasikia anasalimia watu kiganda-ganda. Mmekuja pamoja. Ni nani wako?"

Mtu husema baadaye kwamba hakuwa na muda wa kufikiri. Mimi nilikuwa nao. Nilikitazama kile kilemba dirishani, nikaona kimetulia, hakisalimii mtu tena.

"Ni jirani," nikasema. "Amenisindikiza tu."

Mwenye miwani aliitikia kwa kichwa, akafunga karatasi zangu. Karani mkuu alishuka kutoka darini akanitazama, na katika macho yake niliona jambo ambalo sikulitaka. Alikuwa ananipokea. Mmoja wao nimeshakuwa.

Nilipotoka nje nyanya alikuwa amekifunga tena kile kifurushi alichokuwa amekifungua kwa ajili yangu. Alisimama, akakung'uta gomesi.

"Wamemaliza na wewe?"

"Wamemaliza."

"Haya," alisema. "Twende, jirani."

Pale mtoni alivua viatu, akavuka, hakugeuka.

Nafasi niliipata. Barua yenyewe niliipiga mimi, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kuipiga. Nilijijulisha kwa furaha kwamba nimeteuliwa, nikatoa nakala mbili kwa kaboni, nikampelekea karani mkuu akaweka sahihi kwa ile kalamu ya kuonekana. Yule mtu wa Rukala alinipongeza kutoka benchi, akaniomba nimsaidie na lake.

Miezi michache baadaye nilipewa waraka kutoka makao makuu niupige kwa ajili ya machifu. Ulieleza habari za uraia. Nilikuwa katikati ya ukurasa wa pili nilipogundua ninachokipiga: kwamba aliyezaliwa ng'ambo kabla ya uhuru, baba yake akiwa raia wa hapa, naye ni raia. Ilikuwa sheria tangu siku ya kwanza ya uhuru. Ningeandika ukweli wangu wote, upande wa Uganda na kila kitu, na kazi ingekuwa yangu kwa haki, kama tu mmoja wetu pale ofisini angekuwa ameisoma sheria tuliyokuwa tukiwafukuzia watu. Nilimpelekea karani mkuu ule waraka. Aliusoma, akasema, "Kumbe," akaurudisha kwenye trei. Mimi niliyewacheka watu wa benchi kwa kutojua milango nilikuwa nimepitia dirishani, na mlango wazi kando yangu.

Nilimpelekea nyanya barua yangu ya kazi, na kitenge. Nilikuta ana wageni, wanawake wawili wa kanisani kwake. Niliinama nikaelekea mafigani, mahali pangu, lakini alinishika kiwiko akanizuia.

"Huyu ni jirani yangu kutoka upande wa pili," aliwaambia. "Anafanya kazi sirikali."

Wanawake walicheka, wakidhani ni utani wa bibi na mjukuu wake. Nyanya pia alicheka. Kisha akaingia ndani, akanitolea kiti cha wageni, akakipangusa vumbi kwa kiganja, akangoja mpaka nikakaa.